Sauti Aliyoisikia Shangazi Mal-sun

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Shangazi Mal-sun ni kidevu chake. Alikiinua kila alipomtazama mtu, na mimi, mpangaji mpya juu ya duka lake la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, mjini Daegu, nikadhani ananidharau. Kumbe kope zake za juu zilikuwa zimelegea hadi kufunika mboni, naye alikuwa akichungulia chini yake.

Aliyemshawishi apasuliwe ni Daktari Pyo Seong-uk, mtoto wa rafiki yake. Huyo alilelewa kwa chakula cha duka hilo, na hata baada ya kufungua kliniki aliendelea kudokoa bakulini.

"Nitakupasua kwa mkono wangu, Shangazi," alimwahidi. "Napunguza ngozi, nakaza msuli unaoinua kope, basi."

Upasuaji huo hufanywa mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi tu, ili aambiwe afumbue na afumbe huku daktari akipima mshono. Shangazi alilala, taa kali ikamfanya asione kitu. Kisha sauti ikasema, "Bibi, fumbua. Haya, fumba." Ilikuwa na lafudhi ya Seoul. Seong-uk hajawahi kumwita Bibi.

Alidhani ni msaidizi, akatii. Nyumbani alifuata masharti yote. Alikanda kope kwa barafu iliyofungwa kitambaani, alilala kichwa kikiwa juu ya mito, alipaka dawa kwenye mshono bila kuulowesha, na alikunywa uji wa boga ili uvimbe ushuke. Kwa kuwa alikatazwa kuinama, kabichi nilizitia chumvi mimi. Hata hivyo, nyuzi zilipotolewa, jicho la kushoto halikufumba vizuri. Kila alipolala alilibandika utepe lisikauke.

"Uliinamia mapipa ya kimchi mapema, Shangazi," alisema Seong-uk alipokuja kula.

"Muulize huyu mpangaji. Kabichi alizoziharibu bado ninazo." Kisha akauliza, "Na yule wa Seoul ni nani?"

Seong-uk aliweka vijiti mezani. "Siku ile wagonjwa walikuwa wengi."

"Walikuwa wengi. Na mimi nilikuwa nani?"

Seong-uk alivishika tena vijiti. Shangazi aliondoa bakuli mbele yake taratibu, akaenda kuliosha likiwa bado na chakula.

"Angeniambia tu, ningemkubali hata huyo wa Seoul," aliniambia baadaye. "Sasa yule niliyekuwa nikimlisha ni nani?"

Ilibidi kovu lilainike kwanza, nusu mwaka, ndipo kope irekebishwe. Majirani walimtajia madaktari wengine, akakataa: aliyeahidi ni Seong-uk. Ila ametoa sharti. Seong-uk ashike kisu mwenyewe, na azungumze mwanzo hadi mwisho, kwa lafudhi ya nyumbani.

"Akinyamaza tu, nashuka kitandani," anasema.

Upasuaji ni Alhamisi hii. Boga limeshanunuliwa. Asubuhi nimemkuta mbele ya kioo, akiishusha kope ya kushoto kwa kidole aone jicho litakavyokuwa likifumba.

"Leo siku gani?" ameniuliza tena.

"Jumanne, Shangazi."

"Bado Jumanne?"