Bwana Kiti

Baba mkwe wangu ni fundi wa mizani. Sokoni wanamjua, zahanati wanamjua, na hata kina mama wanaopeleka watoto kliniki kupimwa uzito wanamjua, maana ile mizani ya kuning'iniza mtoto ikianza kudanganya ni yeye anayeitwa. Ana kisanduku cha bati chenye mawe ya shaba ya kupimia, kila moja amelifunga kwenye kitambaa chake, na mkono uliotulia kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumwona. Hapandishi sauti. Kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa, mama mkwe amekuwa akijisifu kwa majirani kwamba yeye hakuolewa na mtu wa makelele.

Habari hii alinisimulia mwenyewe, na si jambo dogo, kwa sababu mimi ni mkwe wake na mazungumzo yetu kwa kawaida hayavuki mvua na afya. Naisimulia kama nilivyoipata, pamoja na sehemu yangu, ambayo hainipendezi.

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza na ilimsumbua tangu mwanzo. Daktari akasema tusingoje uchungu, atapasuliwa siku ya Ijumaa saa nne asubuhi. Wazazi wake wanaishi mbali nasi, safari ya siku mbili kwa basi, hivyo nikawakatia tiketi za ndege ya Alhamisi jioni. Ya baba niliikata mapema. Ya mama niliikata siku sita baadaye, kwa kuwa yeye ni mpishi mkuu wa shule ya bweni na ruhusa yake ilichelewa kutoka. Sikuliona hilo kuwa jambo.

Siku ya safari walipanda vizuri. Mama alikaa katikati, baba kiti cha njiani, mikanda imefungwa. Mhudumu akatangaza kwamba tiketi zilizouzwa zimezidi viti, wanaomba watu wanne wajitolee kushuka, watalazwa hotelini na kuondoka kesho yake mchana. Hakuna aliyenyanyua mkono. Baada ya kitambo akaja mwanamke mwingine na karatasi, akasema kompyuta imekwisha chagua, imeanza na waliokata tiketi mwisho. Watatu walishuka huku wananung'unika. Wa nne alikuwa mama mkwe.

Mama akasema hashuki. Akaeleza kwa heshima kabisa kwamba binti yake anapasuliwa asubuhi, na kwamba tiketi yake imelipiwa kama ya wengine. Yule mwanamke akajibu kuwa anaelewa, lakini sheria ni sheria. Akaenda, akarudi na walinzi wawili. Walimshika mama mikono, mmoja huku mmoja huku, wakamnyanyua juu ya magoti ya mumewe wakampitisha njiani. Kiatu chake kimoja kikamvuka.

Baba mkwe alisimama. Alichosema alinirudia mimi neno kwa neno, akiwa anaangalia chini: "Jamani, taratibu. Taratibu, jamani." Halafu akaanza kutafuta risiti mfukoni ili awaonyeshe.

Ndipo bwana mmoja aliyekaa safu ya nyuma yao akainuka, akaweka mkono begani kwa mlinzi na kusema, "Mwacheni mama wa watu. Nichukueni mimi."

Ungedhani wangemshukuru. Walinzi walikuwa wamekwisha pandwa na hasira, wakaona huyu naye analeta fujo. Walimwachia mama, wakamkaba yule bwana na kumburuta njia nzima hadi mlangoni, magoti yake yanasugua sakafu, miwani yake imevunjika. Watu walikuwa wanapiga picha kwa simu. Mama alirudi kitini na kiatu kimoja mguuni. Mlango ukafungwa, ndege ikaruka.

Ijumaa saa nne mama alikuwa amemshika mwanawe mkono, na saa tano kasoro nilikuwa nimembeba mwanangu wa kiume. Tulipokuwa bado wodini, mama akatuhadithia yaliyotokea ndani ya ndege. Akasema kama si yule bwana, asingekuwa pale. Akaomba mtoto apewe jina lake. Mke wangu akaniangalia, nami nikaitikia papo hapo. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, na jina ambalo kila mtu alitegemea mtoto angepewa lilikuwa lake. Sikumwuliza. Yeye alisema ni jina zuri, akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, akakaa huko karibu saa nzima.

Yule bwana alikuwa ameacha mkoba wake ndani ya ndege, na jina lile mama alilisoma kwenye kibandiko chake. Mama aliukabidhi kaunta pamoja na namba yake ya simu, na yule bwana akapiga kushukuru. Kumbe ni mwuza mbegu, duka lake liko mji huu huu ninaoishi mimi. Tangu hapo alipiga kila mwaka mpya na kila siku ya kuzaliwa kwa mtoto. Simu haikuzidi dakika tano. Lakini baba mkwe alizihesabu dakika hizo kama anavyohesabu gramu. Alijua mama anacheka mara ngapi. Alimpachika jina la Bwana Kiti, na kila alipolitaja alijitia anatania. Simu ikilia, ghafla anakumbuka kutoka nje kuangalia komeo la geti.

"Nilikuwa naona gere," aliniambia. "Mke wangu akisifu mboga, nasikia anamsifu yeye. Akinyamaza, najua anamfikiria. Mtu ambaye hata sura yake sikuiona vizuri, nilimwona mgongo tu."

Mtoto alipotimiza miaka mitatu walikuja wote wawili kutusalimia, na baba akaja na kisanduku chake cha bati. Siku ya pili akaniuliza maduka ya mbegu yako upande gani. Nikamwelekeza, nikidhani anatafuta kazi ya kupitisha muda.

Dukani alimkuta mwanamke peke yake, anafunga mbegu za mahindi kwenye pakiti. Akajitambulisha kuwa ni fundi, anapita kukagua mizani. Mwanamke akasema mizani yao ni nzima na mume wake hayupo. Baba akaomba aijaribu tu, akaweka jiwe la kilo moja juu ya sahani, na sindano ikasimama gramu arobaini chini yake. Mwanamke hakuitazama sindano, alimtazama yeye.

"Nani amekutuma?"

Baba mkwe hajui kusema uongo, uso wake unamsaliti. Akasema, "Mke wangu ndiye aliyekuwa kwenye ile ndege."

Mwanamke akaweka pakiti chini. "Kumbe wewe ndiye mume wa Mama Ndege."

Naye alikuwa amempachika jina mtu asiyemjua. Alimvutia baba kigoda, akamweleza bila kuzunguka. Ile Alhamisi yeye alikuwa amelazwa, anasubiri kutolewa uvimbe asubuhi yake. Mumewe alikuwa amemwahidi kwamba atafika kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Aliingia peke yake. Alipozinduka, hakuna mtu, na alipomwona hatimaye, Ijumaa usiku, mume ana bandeji magotini na hadithi ya mama mmoja wa kwenye ndege. Uvimbe haukuwa wa kutisha, alipona. Ila miaka mitatu ameisikia hadithi hiyo ikisimuliwa kwa kila mteja, na kila mwaka mpya mumewe anamnunulia mwanamke mwingine muda wa maongezi.

"Ni mzuri?" akauliza.

Baba akafikiri kidogo. "Ni mzuri," akasema.

"Nilijua. Na wewe siku hiyo ulikuwa umekaa wapi?"

"Pembeni yake."

"Pembeni hapo hapo?"

"Hapo hapo. Kiti cha njiani."

"Na tiketi yako haikuwa na tatizo."

"Haikuwa na tatizo."

Mwanamke hakumcheka wala hakumgombeza. Aliokota pakiti yake akaendelea kufunga. "Basi mume wangu alikuwa anafanya kazi yako," akasema, "na yake ikabaki bila mtu."

Baba mkwe aliniambia kwamba miaka yote ile alikuwa analijua hilo, ila hakuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu.

Hapo Bwana Kiti mwenyewe akaingia, na hakuwa hata robo ya mtu ambaye baba alikuwa akimwona kichwani. Alikuwa mfupi, kitambi kimemtangulia, jasho linamtiririka, begani ana gunia la maharage. Alipoambiwa mgeni ni nani alifurahi kupita kiasi, akamkumbatia na gunia likiwa bado begani, akauliza wajina wake anaendeleaje, amerefuka, anasema sana. Neno lile wajina lilimchoma baba kama pini. Akamwuliza kilichomfanya asimame siku ile. Yule bwana akajikuna kichwa. Akasema kusema kweli aliinuka ili aokote kiatu, kwa sababu kiatu cha mama kilikuwa kimelala njiani na watu wanakiruka. Alipokwisha simama, maneno yakamtoka yenyewe, na alipokuwa anaburutwa alijuta kila hatua, maana alikumbuka nani anamsubiri.

"Hilo la kujuta hujawahi kuniambia," mkewe akasema kutoka kaunta.

"Hujawahi kuniuliza."

Baba akaifungua mizani yao, akaisafisha, akarekebisha springi, akaaga.

Jioni hiyo, mtoto akiwa jikoni na mama yake, baba alimwita mama mkwe sebuleni. Mimi nilikuwa kwenye korido nabadilisha balbu, nikashindwa kusogea wala kukohoa. Alimweleza kwamba ametoka kwa mwuza mbegu. Halafu akasema kwamba siku ile angeweza kuwaambia walinzi wamchukue yeye. Tiketi yake haikuwa na tatizo, kiti kilikuwa kile kile, na binti alikuwa anamhitaji mama kuliko baba. Alitafuta risiti badala ya kusema hivyo, na tangu hapo anamwonea wivu mtu aliyesema.

Nikasikia mama akivuta kiti.

"Mimi hilo sikuwahi kuliwaza," akasema. "Miaka mitatu, sikuwahi kuliwaza hata mara moja. Nilijua hukuwa na la kufanya."

Kumbe lawama zote alizozisikia kwenye ukimya wa mkewe hazikuwahi kuwepo. Alizitunga yeye, na sasa amemkabidhi mkewe kwa mikono yake mwenyewe. Siku mbili baadaye baba aliondoka peke yake. Mama alisema anabaki kumsaidia binti yake na mtoto, ingawa sote tulijua mtoto hakuwa na shida yoyote. Alipika kwetu kama anapikia shule nzima, akifunika sufuria kwa kishindo. Baba akipiga simu, mama anatuma salamu tu kupitia kwangu.

Alikaa hivyo siku kumi na tisa. Siku ya kumi na tisa baba alinipigia kutoka kituo cha mabasi, akasema amefika na anaomba nimfuate. Nilimkuta amekaa juu ya begi, miguu imevimba kwa siku mbili za kukaa. Hakutaka kwenda nyumbani mara moja. Pale pale kituoni ndipo aliponisimulia haya yote, na aliponiuliza kwa nini sikumwuliza kuhusu jina la mtoto. Nikamwomba radhi. Akasema, "Ningekubali, mwanangu. Nilitaka kuulizwa tu."

Nyumbani mama alimtazama miguu kabla ya uso. Akaweka maji motoni, akatia chumvi, akaleta beseni. Alimwambia kwamba kwanza alikasirika kwa alichokisikia, halafu akakasirika kwa kuwa alikificha, na bado hajajua hasira ipi ni kubwa. Baba akasema atangoja. Alingoja siku nne, kisha wakarudi kwao pamoja, kwa basi, kwa matakwa ya mama.

Wivu haukumtoka. Juzi, siku ya kuzaliwa kwa mtoto, Bwana Kiti alipiga simu nao wakiwa hapa kwetu. Baba mkwe ndiye aliyeipokea. Akamsalimu, akamwulizia mkewe, akaulizia mizani, akakaa na simu mpaka mama akanyoosha mkono mara mbili. Akampa, lakini hakutoka nje. Alibaki kitini pale pale, amekunja uso, akimsikiliza mkewe akicheka.