Baba na mjomba wamegombana kisa chai ya Ikulu, posa ya dada ikataka kuharibika

Wakuu, shikamooni mlionitangulia. Wa rika langu, mambo.

Mimi humu huwa nasoma tu, sichangii. Hata darasani mwalimu akiniuliza kitu najibu huku naangalia dawati. Lakini hili naliandika kama lilivyokuwa, sipunguzi wala siongezi. Wa kunitukana atukane.

Lilianza Jumamosi iliyopita saa kumi jioni, nyumbani kwetu Kiwangwa.

Kwenye TV wakaonyesha Rais kamkaribisha mwenyekiti wa chama cha upinzani Ikulu. Wamekaa, wanakunywa chai, wanacheka.

Baba ni katibu wa tawi la chama tawala. Akazima TV kwa hasira.

"Huyu anatuuza! Sisi huku chini tunapambana nao, yeye anawamiminia chai!"

Hapo hapo simu ya baba ikaita, akapokea kwa spika. Ni mjomba, kaka yake mama, anakaa Fukayosi. Yeye upinzani umemkaa kwenye damu. Tukajua anapiga kushangilia.

Wapi!

"Shemeji, mmemnunua mwenyekiti wetu kwa maandazi!"

Yaani wakuu, wote wawili wamechukia jambo lile lile, na bado wakagombana. Nilicheka kimoyomoyo.

Kicheko kikaisha baba aliposema, "Kesho usikanyage kwangu."

Na mjomba, "Hata uniletee gari, siji."

Sasa kesho yake mchana ndiyo watu wa Mapinga wanaleta posa ya dada.

Kwa wasiojua, sisi Wakwere posa haipokelewi bila mjomba. Baba anakaa pale, sawa, lakini wa kutamka "tumekubali" ni mjomba. Na watu wale tulishawaahirisha mara moja kwa sababu ya msiba. Wakirudi tena mikono mitupu, watajua tumewakataa.

Dada akajifungia chumbani.

Baba akasema, "Nitapokea mwenyewe. Mambo ya mila yasiletewe siasa."

Jamani! Nani kaleta siasa?

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasimama.

"Baba, nisamehe. Kwani dada anaolewa na tawi?"

"Unasemaje wewe?"

Nikarudia. Neno kwa neno.

"Nani kakufundisha siasa?"

"Nyinyi baba. Kila tukikaa kula."

Akanifukuza sebuleni. Nikaenda, lakini sikuomba radhi kwa lile neno, na hadi leo sijaomba.

Nilichojifunza ni hiki. Kama Rais kakosea au kapatia kukaa na wapinzani wake, bishaneni mpaka koo zikauke, ni haki yenu. Ila mtu mzima anayeshindwa kukaa mkeka mmoja na shemeji yake asinihubirie mimi habari za nchi. Wa chama chochote.

Mnaoona nimemvunjia baba heshima, semeni hapa chini, nitawasoma wote. Uzi sifuti.

Haya, asubuhi ya Jumapili nilifanya hivi.

Nilitoka bila kuaga. Mama aliniona, akageuza uso akaendelea kufagia uwanja. Nikapanda bodaboda mpaka Fukayosi.

Mjomba kufungua mlango tu, "Kakutuma baba yako?"

"Sijatumwa na mtu. Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Rudi. Mwambie shemeji aje mwenyewe."

"Haji. Na wewe huendi. Dada afanyeje?"

Mkewe akanikaribisha ndani, nikakataa. Nikaketi kizingitini kwao, mgongo nimeuegemeza mlangoni, anayetaka kupita anikanyage.

"Na baba yako akinifukuza mbele za wageni?"

"Atatufukuza wote wawili, mjomba."

Akaguna, akaingia ndani. Sikuinuka pale mpaka niliposikia anamuuliza mkewe kanzu yake iko wapi.