Kichwa cha Mapengo

Wifi yangu kazi yake ni kuozesha mizoga. Msishtuke. Yuko makumbusho, na mizoga yenyewe ni ya ndege, kasa na chochote ambacho bahari imekitema ufukweni. Anaizika kwenye makasha ya mchanga uani, nyuma ya jengo, anawaachia wadudu wafanye yao, kisha anafukua mifupa, anaipiga mswaki na kuiunganisha kwa waya. Akirudi nyumbani, hata aoge kwa sabuni gani, harufu haimwachi. Siku kaka yangu alipomleta kumtambulisha, nilimuuliza, "Kaka, kwani wanawake wote wameisha?" Tena nilimuuliza mbele yake. Wifi akacheka kidogo, akaniomba nimsogezee chumvi.

Ndivyo alivyo. Mimi ni fundi cherehani na hasira zangu ziko kwenye ncha ya ulimi. Ukiniudhi asubuhi, kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima una habari. Yeye ukimuudhi anaomba chumvi. Kwa muda mrefu nilidhani ni upole. Upole wapi!

Lakini nianze na Mapengo, maana bila yeye hakuna cha kusimulia.

Pwani yetu ina pomboo wadogo. Si wale wa bahari kuu wanaorukaruka kwenye kalenda. Hawa ni wa hapa hapa, wa maji ya kina kifupi, pale mto unapoingia baharini, na hawahami. Mlango wa mto ule ndio nyumbani kwao mpaka kufa. Jike anazaa mtoto mmoja tu, anamnyonyesha, anatembea naye miaka, ndipo afikirie mwingine. Ukiua jike mmoja umeziba tumbo zima la ukoo. Wamebaki wachache kiasi kwamba watu wa makumbusho wanawajua mmoja mmoja kwa pezi la mgongoni: huyu ana kovu, yule ana mkato. Mapengo pezi lake lilikuwa limelikalika ukingoni kama fizi ya bibi kizee, na aliyempa jina hilo ni kaka yangu.

Kaka alikuwa mvuvi mwenye mashua yake ndogo na nyavu zake nyeupe nyembamba. Karibu kila asubuhi alikutana na Mapengo, na alikuwa akimsalimia. "Habari za asubuhi, mama." Mwanamume mzima na ndevu zake anamsalimia samaki! Nikisema hivyo, wifi ananisahihisha. "Si samaki, wifi. Anapumua kama wewe. Ndiyo maana wavu unamuua: unamshika chini, pumzi inamwishia, anakufa maji." Mwaka ule Mapengo alikuwa na mtoto bado ananyonya, na kaka alitangaza habari hiyo mtaani kama vile amepata mjukuu.

Sasa kuna mtu mmoja. Siku hizi watu wanamwita Mfadhili, lakini wakati ule aliitwa Tajiri. Alikuwa na meli zinazokokota nyavu kubwa. Meli za namna hiyo haziruhusiwi kukaribia mlango wa mto, na zake zilikuwa zinakaribia, na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Mtu mwenyewe mkono wa birika. Kamba za nyavu zake aliagiza kiwandani zisokotwe kwa namna yake peke yake: nene, kijani, na uzi mmoja mwekundu unaozunguka ndani. Eti mtu akimwibia, ajulikane. Ukikutwa na kipande chake umeanikia nguo, unalala ndani. Alikuwa akijisifia jambo hilo hadharani. Tafadhali msilisahau.

Asubuhi moja Mapengo akakutwa ufukweni amekufa. Mkia umekatwa, mwili umeviringishwa kwenye kipande cha wavu mweupe. Wavu wa kaka yangu. Maboya yake yalikuwa na alama yake, hakuna mtu aliyeuliza mara mbili. Tajiri alifika hata kabla ya Bwana Samaki, yule afisa wa uvuvi, akasimama pale na viatu vyake vinavyong'aa akitikisa kichwa. "Hawa wavuvi wadogo," akasema, "watatumalizia viumbe." Kaka akasema wavu wake ulikuwa umekatwa na meli. Akasema tena. Alisema mpaka sauti ikakauka. Bwana Samaki, ambaye kila mwisho wa wiki alikuwa mezani kwa Tajiri, akaandika alichotaka kuandika. Leseni ikaenda, mashua ikaenda, na mtaani kaka akapewa jina jipya: Muuaji.

Wifi alikuja na gari la makumbusho kuchukua mwili. Nilikuwepo, nimeshikilia mkono wa kaka asimrukie mtu. Wifi alichuchumaa, akainua mdomo wa Mapengo kwa kidole, akatulia kidogo. Kisha akatoa bendeji kwenye mkoba wake, akaufunga ule mdomo raundi kwa raundi, taratibu, kama anamfunga mgonjwa.

"Bwana Samaki," akasema, "kichwa kiwe na kasha lake, na ulifunge wewe kwa lakiri yako. Watu wanaiba meno ya pomboo."

Bwana Samaki hakuona tatizo. Jioni ile kasha likajazwa mchanga, likazungushiwa waya, akaubana waya kwa lakiri, ule muhuri wa serikali. Mume wako anaitwa muuaji na wewe unahangaika na meno! Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniomba nimshikie koleo.

Yule mtoto wa Mapengo alizunguka pale karibu na ufukwe, huku na huku, akimtafuta mama yake. Kaka alikuwa akienda kumtazama kutoka kwenye ukuta wa bahari. Kisha siku moja hakuonekana tena, na kaka naye hakwenda tena.

Alihamia kwenye ngazi ya mlangoni, akawa anatengeneza feni na pasi za watu, mgongo ameupa bahari. Akaisha mwili. Usingizi ulimkimbia, ukimwona mchana anasinzia na bisibisi mkononi. Na mimi nikaapa kwamba yule mtu nitakula naye sahani moja. Nilikuwa nikikata kitambaa, nakata shingo yake. Kila mara namuuliza wifi, "Hivi wewe damu yako ni maji?" Naye kila mara akiulizwa kazini kile kichwa kitafukuliwa lini, anajibu kwamba mifupa ya pomboo ina mafuta mengi, bado haijakauka. Ni kweli ina mafuta. Nikamwona hana hili wala lile.

Miaka ikapita hivyo. Halafu Tajiri akapata uchungu wa viumbe. Wanunuzi wake wa ng'ambo walikuwa wameanza kuuliza kama samaki wake wanavuliwa bila kuua pomboo, basi ghafla meli zake zikachorwa pomboo ubavuni, na makumbusho yakajengewa ukumbi mpya. Ndipo akawa Mfadhili. Alitaka kiunzi cha mifupa ya Mapengo kining'inizwe katikati ya ukumbi, na jina lake likae juu ya pazia.

Na pazia nani kapewa kushona? Mimi! Mahameli ya buluu, herufi za uzi wa dhahabu. Nilishona huku nimebana pini mdomoni, na kila herufi nimeipa laana yake. Nilimwambia wifi kwamba nitaacha sindano kwenye mto wa kiti cha Mfadhili.

"Sindano inauma dakika moja," wifi akasema.

Nikainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anaongea hivyo.

"Na kichwa je? Utamning'iniza bila kichwa?"

"Kichwa atakitoa yeye. Nimemwomba akate lakiri mwenyewe, mbele ya watu. Amefurahi sana. Ameuliza kama kutakuwa na kamera."

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Mfadhili, ili viti visikae wazi, alikuwa amewaleta wafanyakazi wake wa melini, wote wamevaa fulana mpya zenye picha ya pomboo. Safu ya mbele alikaa fundi wake wa nyavu, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa akimpigia makofi hata anayepima kipaza sauti. Kaka alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Hakutaka kuja. Wifi alikuwa amemsihi, na wifi huwa hamsihi mtu.

Pazia likaanguka. Mapengo alikuwa hewani, mweupe, mzuri jamani, mpaka nikasahau kukasirika. Ndani ya lile pezi lake la ubavuni mlikuwa na mkono mzima, wenye vidole. Mgongo ulikwenda pingili kwa pingili mpaka mahali ulipokatwa, na hapo wifi hakuwa ameunga chochote. Mfadhili alitaka mkia wa plasta. Aliambiwa plasta haijafika.

Kasha likaletwa mezani. Bwana Samaki, siku hizi mkubwa idarani, akaitwa kuikagua lakiri yake. Akavaa miwani. "Ni yangu," akasema kwenye kipaza sauti. "Haijaguswa."

"Haijaguswa!" Mfadhili akarudia, amegeukia kamera. "Ndugu zangu, mnachokwenda kukiona hakuna mkono wa mtu uliokigusa tangu siku ile ya huzuni."

Akakata waya. Akakunja mikono ya shati, akaingiza mikono mchangani, akakiinua. Bendeji ilikuwa imeoza, ikadondoka yenyewe. Wifi akampa brashi. Akapangusa huku anatabasamu, na meno yakatokea, madogo, yamepangana. Katikati ya meno, kulia na kushoto, imekwama mpaka kwenye taya, ikatokea kamba. Nene. Ya kijani. Na uzi mmoja mwekundu unazunguka ndani.

Nadhani wengi walikuwa bado wanatazama wasione. Ndipo yule fundi wa nyavu akainuka, uso umemchangamka kama mtu aliyemwona ndugu yake ugenini.

"Ah! Si kamba yetu hiyo!"

Akajisikia mwenyewe. Akakaa chini polepole.

Jamani, wacha niwaambie, sijawahi kula chakula kitamu kama uso wa yule mtu. Kijasho chembamba kilianzia kwenye paji, kikashuka, na mikono yote miwili imeshika kichwa cha Mapengo, hawezi kujifuta. Akamtazama Bwana Samaki, na Bwana Samaki akatazama viatu. Angesema nini? Kipaza sauti kilikuwa bado kina joto la ile 'haijaguswa' yake.

Wifi akakisogelea. "Alikuwa anatafuna ili atoke," akasema. "Nyavu za mume wangu ni nyeupe. Asante sana, Mheshimiwa, kwa kutufungulia."

Mimi nilipanda juu ya kiti. Niliyoyasema pale hayaandikiki, na kamera zilikuwepo, na sijutii hata neno moja.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Alijaribu kusema amewekewa, lakini maneno ya Bwana Samaki yalisikika kila redio. Wanunuzi wakamkimbia. Mmoja wa mabaharia wake akaeleza jinsi walivyomkata mkia kumtoa wavuni, na walivyomviringisha kwenye wavu wa kaka waliokuwa wameukokota njiani. Meli zake ziko gatini zinaota kutu pamoja na ile michoro yake ya pomboo. Pazia lilirudi kwangu, na zile herufi za dhahabu nilizifumua moja moja, bila haraka, nimeweka miguu juu ya stuli.

Lakini jioni ile ile ya ufunguzi, tukiwa nyumbani, mimi bado naruka sebuleni namuigiza Mfadhili, kaka alikuwa amekaa kwenye ngazi yake.

"Uliiona lini?" akamuuliza mkewe.

"Siku ile ile. Nilipoinua mdomo."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambia, ungekwenda kwake na panga," wifi akasema. "Na dada yako angeutangazia mtaa kabla jua halijapanda. Kasha lingechomwa moto siku hiyo hiyo. Ilibidi alifungue yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mahali ambapo hawezi kukana. Nilimsubiri."

Kweli tupu. Mimi mwenyewe niliitikia kwa kichwa.

Kaka naye aliitikia. Akaigeuzageuza bisibisi mkononi.

"Jiwe la nanga la wavu siku ile nililifunga haraka haraka," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Niliporudi wavu haukuwa mahali pake, nikajua fundo limefunguka, umekwenda na maji mpaka kwa Mapengo."

"Lakini ulisema ni meli," wifi akasema. "Ulikuwa unapiga kelele kwamba ni meli."

"Nilisema. Ulitaka niseme nini?" Akainua macho. "Miaka yote hii nimejua ni mimi. Na yule mtoto wake. Kila nikifumba macho namwona anazunguka pale. Nilijua ni mimi."

Nikaacha kuruka. Feni moja ya mteja ilikuwa inazunguka mezani, hakuna aliyeizima.

Wifi alisimama katikati ya chumba, na harufu yake ile. Alimtazama kaka, akaitazama meza, akanigeukia mimi.

"Wifi," akasema, "nipe chumvi."

Hatukuwa tunakula.