Siku Banda la Gemu Lilipotolewa Sauti

Nyie mlioko mlangoni, ingieni mkae, sitaki mtu aje kesho aniambie hakusikia vizuri. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna taratibu. Mimi masikio yangu mnayajua. Zamani nilikuwa nakaa Majengo hapa Mpanda, namsikia sisimizi anapita mtaa wa Shanwe, na najua kama kabeba mzigo au anatembea mikono mitupu.

Macho yangu yaliondoka na surua nikiwa mdogo. Surua yenyewe ilikuwa kubwa, ilibidi nisogee ukutani ili na yenyewe ipate pa kulala. Siku ilipoondoka ikayabeba macho. Wanasema sikulia. Watu wakaniambia pole, nikawaambia asante, tukaendelea na ugali. Ndo nilivyo. Mambo makubwa yakija kwangu yanakuta mlango umefungwa, yanakaa hapo nje.

Sasa miaka ya tisini, mwishoni mwishoni hivi, likafunguliwa banda la gemu nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwenye banda alileta TV kwa treni kutoka Tabora, TV nzito mpaka behewa likawa linakuja limeinama upande mmoja. Gemu iliyokuwa inapendwa ni ya kupigana: watu wawili kwenye kioo, kila mchezaji ana pedi yake, mnatwangana mpaka mmoja alale. Kaka yangu, aliyekuwa utingo wa lori la mahindi la Kasekese, ndo alinipeleka. Akanikalisha kwenye benchi, akanipa pedi, akanipiga.

Alinipiga kweli. Mtu wangu alikuwa analala chini kabla sijajua wa kwangu ni yupi. Nikamwambia, "Kaka, mimi sioni."

"Sijakuuliza," akasema. "Sikiliza."

Nikasikiliza. Kumbe kila pigo lina sauti yake. Teke la chini linasema fyuu, kama fagio. Mtu akitaka kuruka, anaguna kwanza. Wa kwangu alikuwa anarusha moto, basi nikiurusha natega sikio: ukigonga haraka, adui yuko karibu, ukichelewa, yuko mbali, usipogonga kabisa, karuka, anakuja kichwani. Shida ilikuwa upande. Akiniruka akatua nyuma yangu, mimi nabaki napigana na hewa, na hewa nayo ilikuwa inanishinda. Mwisho nikajua: nikibonyeza moto ukakataa kutoka, basi kahama, nageuza kidole gumba upande wa pili. Nilifika mahali nikawa namsikia adui kama kashiba au ana njaa.

Lakini kaka sikumshinda hata siku moja. Alikuwa na mtego wake: teke la chini, teke la chini, anatulia kidogo, halafu anakukamata anakutupa. Nausikia unakuja na bado naingia. Akishanitupa anasema, "Inuka, mdogo wangu, vumbi hilo."

Wengine wote nilikuwa nawapiga. Kulikuwa na fundi baiskeli wa Shanwe ambaye hakuna aliyemuweza isipokuwa kaka. Huyo nilimpiga mpaka nikamwonea huruma. Mji mzima ukasema kipofu ana dawa. Nikawaacha waseme, dawa yenyewe ilikuwa inanijengea heshima.

Halafu lori la kaka likapinduka njia ya Kasekese, akafa. Tukamzika.

Pale nyumbani wanawake walilia mpaka visima vya Majengo vikajaa. Mimi, hakuna. Watu wanakuja wananishika mkono, pole, pole, na mkono wangu upo tu kama mpini wa jembe. Shangazi yetu, aliyetulea, akaja kukaa karibu yangu kwenye mkeka.

"Lia kidogo, mwanangu," akaninong'oneza. "Watu wanaangalia."

Nikakunja uso. Nikamfikiria kaka. Nikafikiria na kitunguu. Wapi. Wala si watu waliokuwa wananisumbua. Mimi mwenyewe nilitaka kulia, kama mtu anavyotaka kupiga chafya ikagoma puani.

Kesho yake alasiri nikachukua fimbo yangu, nikatoka mkekani, nikaenda bandani. Nikakuta kimya.

"Mmezima?" nikauliza.

"Hatujazima, nimeitoa TV sauti," mwenye banda akasema. "Jirani kuna msiba, nitafunguliaje sauti watu wanaomboleza? Na msiba wenyewe si wa kwenu?"

"Wa kwetu."

"Sasa umefuata nini huku?"

"Nimekuja kupigwa."

Mfiwa hakataliwi kitu. Fundi baiskeli alikuwa kwenye benchi, akasogea, nikakaa, nikapewa pedi. Hapo ndo nikawa kipofu kabisa. Ile ya surua yalikuwa mazoezi.

Tukaanza. Kwa vile TV haisemi, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: batani. Pedi zile zilishachoka, batani ukiibonyeza inalia ta. Zangu zinalia ta ta ta. Za fundi, kimya. Watu wakasema nimeshinda.

"Fundi," nikasema, "vidole vyako vimelala?"

Nikamsikia anaifuta pedi kwenye suruali.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani," akasema. "Kaka yako tu ndo alikuwa na roho ngumu. Mimi nimpige mtu asiyeona, halafu Jumapili niende kanisani nikamwambie nini Mungu?"

Yaani ushindi wangu wote ule, wa kutikisa Mpanda nzima, ulikuwa sadaka. Nikajipapasa moyoni nione kama nimeumia. Hapakuwa na kitu.

"Sawa," nikasema. "Leo nipige."

"Una msiba, bwana."

"Ndo maana."

Akavuta pumzi, benchi likalia. Kisha nikasikia batani zake. Ta. Ta. Kimya kidogo. Taa.

Nilijua hiyo. Nilisikia inakuja na bado nikaingia.

"Nani kakufundisha?" nikauliza.

"Nani tena," akasema fundi. "Nilikuwa namwangalia anavyokutupa."

Akairudia. Ta, ta, kimya, taa. Mtu wangu yuko chini, nami nimekaa na pedi yangu nasubiri kuambiwa niinuke, vumbi hilo. Nikasubiri. Hakuna aliyesema.

Pedi ikaanza kulowa. Nikadhani bati linavuja, na ilikuwa kiangazi kikavu. Kisha nikasikia mtu analia, nikataka kumpa pole, kumbe ni mimi. Nililia hivyo mpaka viboko wa Katavi wakatoka kwenye matope yao kuangalia kama mvua imefika. Fundi akaweka pedi yake chini, akanishika bega.

Mlangoni nikasikia kandambili za shangazi. Alikuwa ananitafuta.

"Kimempata nini?" akauliza.

"Kapigwa," mwenye banda akasema.

"Kapigwa na nani?"

"Na huyo, kwenye TV."

Shangazi akaisogelea TV, nadhani anaitazama.

"Nyie," akasema, "kaka yake tumemzika jana hakutoa hata chozi, leo kapigwa na katuni ndo analia?"