Spidi ya Kuitikiwa Salamu

Mume wangu alinunua baiskeli ya umeme mwaka aliostaafu ualimu, magoti yake yalipogoma kunyonga pedali. Pale kijijini kwetu Kasense watu walikuwa hawajazoea kuona mtu mzima akipanda kilima miguu imetulia. Mimi nilikaa nyuma kwenye keria, sweta nimeifunga hadi shingoni, mkono kiunoni mwake, na nilijiona malkia. Sioni haya kulisema.

Tatizo likawa salamu. Kwetu ukikutana na mkubwa wako njiani unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani na za shamba. Yeye alikuwa anapita tu. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akipalilia ulezi kando ya njia, alinisimamisha siku moja.

“Mwambie mwenzio, shikamoo yake nikija kuiitikia, yeye yuko ng’ambo ya mto. Sasa marahaba yangu nimpe nani?”

Niliona aibu, na aibu yangu huwa inageuka hasira upesi. Kesho yake, mzee wangu akiwa shambani, niliikokota baiskeli mpaka kwa fundi mjini. Nikamwambia aifunge spidi, mtu aweze kuitikiwa kabla hajapita. Fundi alicheka, kisha akanionya.

“Mama, hii nikiishusha spidi, na nguvu ya mota inashuka. Mlimani haitawabeba wawili.”

Nikamjibu kwamba miguu ninayo.

Jioni mzee aliijaribu, akarudi akanitazama. “Kumbe nimeoa trafiki,” akasema.

Basi kila Jumapili tukienda kanisani alipanda kilima peke yake, polepole, akisalimia na kuitikiwa kila mlango, mimi nikifuata nyuma na akina mama wenzangu. Kila mtu alimsifu kwa adabu. Juu alinisubiri, baiskeli ameiegemeza pajani, na nilipofika alisema yale yale: “Mama, twende kwa fundi airudishe nguvu, nikupakie. Hao wazee nitakuwa nasimama kuwasalimia, naahidi.”

Nami nilimjibu kila mara kwamba tuvune kwanza. Haikuwa mavuno. Nilipenda kubembelezwa, nikataka anibembeleze Jumapili moja zaidi, na nyingine tena.

Ulezi ulikuwa haujakomaa alipougua. Alilazwa siku chache, hakurudi.

Matanga yalipokwisha niliipeleka baiskeli kwa fundi mwenyewe, akaifungua yote. Sasa ina nguvu ya kupandisha watu wawili hadi juu bila shida, ila ninayeiendesha ni mimi, na nyuma hakuna mtu. Upepo wa huku mnaujua, mkali na wa baridi. Zamani ulimpiga yeye kifuani, mimi nimejificha mgongoni kwake, shavu kwenye koti lake. Nina hamu naye, sina namna nyingine ya kulisema. Angenipakia leo, hata mara moja, angekimbia apendavyo, nami nisingefungua mdomo.