Futari ya Kifusi

Mimi na Galiema tunatenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe mwembamba. Akipiga chafya, namwombea rehema bila kuinuka kitini. Kwa hiyo habari za jiko lake sikuzisikia kwa watu. Lilivunjwa sikioni mwangu, siku nne nzima, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia, "Hongera, shoga." Hongera ile naijutia mpaka leo.

Galiema alishona kola za mashati kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja. Kola tu. Alipostaafu hakutaka televisheni ya kujaza ukuta, wala hakutaka kwenda kumtembelea mtu. Alitaka jiko. Lile alilorithi kwa mama yake lilikuwa na makabati yasiyofunga na sinki lililovuja toka mumewe yu hai. Vigae alichagua mwenyewe, vyeupe vyenye ua la buluu katikati, na alizunguka maduka miezi miwili mpaka akavipata, vya kuagizwa ng'ambo, akavilipia.

Kazi na risiti ya vigae akampa Riefaat, mtoto wa Mareldia wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Eti zimwi likujualo halikuli likakwisha! Riefaat kazaliwa mtaani humu, na kanzu yake ya kwanza ya madrasa kamshonea Galiema huyuhuyu. "Anti Galiema," akasema, mkono kifuani, "nusu ya Shaabani unapika. Ramadhani itakukuta malkia." Akavunja. Kuvunja anakujua, simnyimi haki yake. Aling'oa sinki, akakata maji, akatoboa ukuta, akarundika kifusi uani hadi usawa wa dirisha, kisha akapotea.

Ramadhani ikaingia.

Sasa, huku kwetu Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu ubavuni mwa mlima, robo saa kabla ya magharibi kila mtu yuko mlangoni na sahani. Bajia zinashuka mteremko, sambusa zinapanda, chapati laini zilizojazwa nazi zinavuka barabara. Na sahani hairudi tupu. Leo imekuja na bajia, kesho inarudi na ulichopika wewe, hata kama ni kidogo. Anayerudisha sahani tupu amesema neno, na hakuna mtu hapa asiyelijua neno hilo: mimi na wewe basi. Galiema alikuwa hajakosa kupeleka sahani hata Ramadhani moja tangu aolewe. Ndiyo heshima yake. Mwenye mali ana mali yake, Galiema ana sahani zake.

Mtazameni basi na hilo jiko la kimalkia. Friji iko chumbani, inanguruma karibu na mto wa kulalia. Vyombo anaviosha bafuni kwa magoti, mwanamke wa miaka sitini na sita. Mtungi wa gesi wenye jiko moja umewekwa juu ya mashine ya kufulia, na kila akikanda unga, vumbi la saruji linamtangulia bakulini.

"Njoo upikie kwangu," nilimwambia.

"Kwako mko tisa na jiko moja. Wewe utapika saa ngapi, saa sita ya usiku?"

"Basi nikupikie bajia zako pamoja na zangu."

"Halafu niseme nimepika? Nimefunga, shoga, usinitie katika uongo."

Siku ya nne akashindwa, akanunua maandazi ya sukari dukani, akayapanga kwenye sahani vizuri kabisa, akayagawa. Kabla ya Isha habari ilikuwa imefika msikiti wa juu. Faldiela wa kona, ambaye bajia zake mwenyewe ni mawe, alisimama barabarani anasema, "Nimeuma nikajua. Galiema ananunua! Kiama kiko karibu." Mdomo wa Faldiela hauna likizo hata mwezi wa toba.

Toka hapo Galiema hakupeleka tena. Zilizokuja alizipokea, akashukuru, akaziosha bafuni, akazipanga kitandani. Siku ya kumi zilikuwa kumi na tisa, na yeye analala ukingoni asizivunje. Sahani nzuri kuliko zote zilitoka kwa Mareldia, na Mareldia hakuacha kuleta hata siku moja. Marafiki wa miaka arobaini wale.

Akimpigia Riefaat simu, jibu ni moja. "Vigae havijafika, Anti. Bandarini mambo magumu. Subira, huu ni mwezi wa subira." Mtu amekuondolea jiko, halafu anakusomea darasa!

Siku hiyo ya kumi tulipanda mteremko kutafuta mkate. Huko juu kuna nyumba ya marehemu Boeta Sulayman, iliyonunuliwa na watu wa ng'ambo ili walale watalii. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Galiema akasimama ghafla mpaka nikamgonga kwa nyuma. Ukutani, safu kwa safu, maua ya buluu. Na chini yake Riefaat amepiga magoti, anapiga mluzi, anajaza saruji nyeupe kwenye mianya.

Mimi ningelipasua lile dirisha. Nasema mbele ya Mungu ningelipasua. Nyumba ile nusu ya mwaka hailali mtu! Wakija, wanaagiza chakula kinachokuja ndani ya boksi. Vigae vya mwanamke aliyeinamia kola miaka thelathini na mmoja vimewekwa vimpambe mtu anayechemsha maji ya kahawa. Galiema aligeuka, akateremka, mkate tukausahau.

Alasiri nilimsikia uani, chepe linakwaruza. Magharibi ilipokaribia akagonga kwangu, kavaa buibui lake la Idi, mkononi moja ya sahani za Mareldia, juu imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Umepika?" nikamuuliza.

"Twende."

Kwa Mareldia meza ilikuwa imejaa. Kumbe siku hiyo alikuwa amewaalika wazazi wa kijana anayemposa binti yake, mara yao ya kwanza kukaa pale. Sisi hatukujua. Riefaat naye yupo, kaoga, tende mkononi, anasubiri adhana.

"Karibu, dada yangu!" Mareldia akapokea sahani kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya meza mbele ya wageni, akafunua.

Kifusi. Vipande vya plasta, matofali yaliyovunjika, na msumari mmoja wenye kutu.

"Galiema, nini hiki?"

"Futari. Ndicho kilichopo jikoni kwangu. Kapika mwanao."

Akaeleza yote, vigae na dirisha, bila kupandisha sauti. Mama wa yule mposaji akatazama mapaja yake. Riefaat akaanza, "Anti, yule tajiri alikuwa na haraka, nikasema nitakuagizia vingine..." na adhana ikamkata.

Mareldia akampa mwanawe glasi ya maji. "Tende na maji ni haki ya Mungu, fungulia. Chakula ni changu, na changu hukigusi." Akaisukuma ile sahani ya kifusi mpaka kifuani pa Riefaat. "Kwenye meza hii hukai mpaka Anti yako akae kwenye yake. Ondoka."

Moyo wangu ulipoa, sifichi. Lakini alipotusindikiza mlangoni, Mareldia alimshika Galiema mkono. "Ungenijia na maneno. Miaka arobaini mlango huu unaujua. Ungenijia na maneno, Galiema, nisingemtuma? Umeniletea taka mbele ya wakwe."

Galiema akajibu, "Taka zake mimi nimelala nazo mwezi mzima." Tukaondoka.

Asubuhi Riefaat alikuwa mlangoni na mafundi wawili, macho mekundu. Siku nne! Sinki, maji, makabati, jiko, rangi. Kumbe kazi ilikuwa ya siku nne. Vigae alileta vyeupe vitupu, maua yamebaki huko juu kwa wenye haraka.

Siku ya kumi na tano, siku ambayo kila nyumba hapa hupika boeber, maziwa mazito ya tambi na iliki, Galiema alipika sufuria mbili na bajia mia. Alirudisha sahani zote, nyumba kwa nyumba. Faldiela alionja akachukua bajia ya pili. Ile ya kifusi ilikuwa bado kwa Mareldia, kwa hiyo Galiema akachukua sahani yake mwenyewe iliyo bora, akaijaza kuliko zote, akaipeleka peke yake.

Kesho yake watu walileta kama kawaida. Riefaat nilimwona akiingia kwa mama yake kufuturu, kofia kichwani, anacheka na simu. Amesamehewa, na kwa nini asisamehewe, ni mtoto. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu janga kawaachia wa kwao peke yao.

Adhana ilikuwa karibu tulipofungua mlango wa Galiema tukaikuta ile sahani yake bora kizingitini. Imeoshwa inang'aa. Juu yake hakuna kitu, hata tende.

Nilianza kupiga kelele. Galiema akaniwekea mkono begani. "Haki yake," akasema, machozi yanamshuka waziwazi. Akaenda jikoni, akaiweka sahani kabatini, akafunga mlango wa kabati, ambao, lazima nikiri, ulifunga vizuri kabisa.