Kamati ya Mazishi ya Aliye Hai

Niliondoka Embu asubuhi moja bila mpango, jambo ambalo ndugu zangu huliita kazi yangu ya kudumu. Lori la mbao lilinishusha Kiirua, karibu na kanisa lililonukia chai ya maziwa. Nikaingia. Mtu aliyeacha shule darasa la saba hawezi kukataa somo la bure.

Somo lilitolewa na nesi: jinsi mgonjwa asiyeweza kupona anavyochagua matunzo yake ya mwisho. Kubaki nyumbani au kulazwa, mashine au bila mashine. Unajaza fomu na kutaja mtu wa kukusemea siku utakaposhindwa kusema.

Bibi mmoja mwenye saratani ya tumbo, shosho kama wanavyoitwa huku, aliinua mkono. "Sitaki mashine. Nataka kitanda changu, dawa ya maumivu, na dirisha nione ng'ombe wangu. Wanangu hawa hapa. Nani atanisemea?"

Wanawe watatu, wanaume wazima wenye makoti, wakaanza kukagua dari.

"Mama, tutakupeleka Nairobi," akasema mkubwa. "Watu watasema tulikuacha ufe kama kuku."

"Na atakayetia sahihi," akanong'ona wa pili, akasikika hadi barabarani, "ataambiwa anaharakisha kurithi shamba."

Kwa kuwa kifo kilikuwa kimetajwa na watu wameketi, mzee mmoja alipendekeza kamati ya mazishi. Muda si muda tukawa na mwenyekiti, katibu, msimamizi wa hema na mama wa mapishi. Wakabishana kuhusu mchele. Nesi akasubiri na fomu yake. Kwa mazishi hatuna mpinzani. Ni zile siku za kabla yake ndizo zinazotushinda.

"Mwenyekiti," shosho akauliza, "nami nitapakuliwa, ama nitakuwa nimeshiba?"

Nilicheka peke yangu. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

"Wewe unayecheka, mtoto wa nani?"

"Wa mbali, shosho. Napita tu."

"Una shamba huku?"

"Sina hata jembe."

"Njoo uandike jina."

"Mama, huyu ni chokoraa, mtu wa barabarani!" akafoka mkubwa.

"Ndiyo. Hakuna atakayesema ananirithi."

Nesi alinitazama viatu. "Anayemsemea mgonjwa lazima awe karibu. Utakuwepo?"

Sikuwahi kukaa popote hadi maharagwe niliyoona yakipandwa yakavunwa. Shosho alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, akingoja. Nikatia sahihi kwa mwandiko wangu wa darasa la saba.

Alasiri, nyumbani kwake, alinionyesha stoo ya viazi iliyotazamana na chumba chake.

"Shosho, sijui kugombana na watu wenye makoti."

"Utajifunza. Sema tena."

"Nyumbani. Dawa. Dirisha."

"Kwa sauti. Hao wangu hawasikii vizuri."

Nikarudia. Mkubwa, bila kunitazama, akabwaga godoro mlangoni. Nilisogeza magunia mawili, nikalitandika mahali ambapo ningeweza kuliona dirisha lake.